Lenzi ya Hatibu na Chumba cha Mzee Mhando

Lenzi ndefu haimwoni wa chumbani. Mmemsikia leo Bi Saumu akimsema mwanawe kwa methali hiyo, mkaangua kicheko, kisha mnanijia mimi kuuliza imetoka wapi. Haya, kaeni. Waliotokewa na jambo lenyewe hawakucheka. Methali hii ilianza hivi.

Hapa hapa Muheza palikuwa na kijana akiitwa Hatibu, mpigapicha wa harusi. Kazi aliijua, tusimnyime haki yake. Alikuwa na kamera yake na lenzi moja fupi, ya kimo cha kopo la maziwa. Kwa lenzi hiyo aliingia vyumbani mwa watu, akawapiga picha maharusi, mabibi, na watoto waliolala mikekani, na kila mtu alizipenda picha zake. Mwenyewe ndiye hakuipenda lenzi. Alikwisha kuwaona wapigapicha wa mpira uwanjani Tanga, wamebeba lenzi ndefu kama michi, watu wakiwapisha njia. Naye akatamani kupishwa. Ugonjwa wake ulikuwa huo, wala hakuwa na mwingine.

Baba yake, Mzee Mhando, alikuwa mtu asiyetaka picha maishani mwake. Ukimwelekezea kamera, anageuza uso. Kisha akaugua, akawa mtu wa kitandani, na mwaka huohuo bintiye Mwantumu akaposwa. Mama yao alikufa zamani bila kuacha picha, na Mwantumu alikuwa ameanza kuisahau sura yake. Jambo hilo lilimtesa. Akaenda akapiga magoti kando ya kitanda, akamwomba baba yake kitu kimoja tu: siku ya ndoa wapigwe picha pamoja.

Mzee akamgeukia. "Moja tu, mwanangu," alisema. "Aipige kaka yako. Mtu mwingine simtaki."

Mwantumu alilia kwa furaha siku hiyo.

Wiki ya harusi Hatibu akashuka Dar es Salaam, kwenye duka la kamera. Akaikuta lenzi ndefu ya vitu vya mbali, ya kumnasa ndege mtini au mchezaji aliye ng'ambo ya uwanja. Mwenye duka akakubali wabadilishane, ile fupi ibaki pale pamoja na nyongeza ya pesa. Hatibu akaijaribu mlangoni. Mtu aliyesimama ghorofani, upande wa pili wa barabara, alimwona hadi kope. Ndani ya duka hakuijaribu hata mara moja. Angeijaribu ndani kwa nini, na sifa ziko nje?

Aliporudi, Mwantumu aliitazama ile lenzi. "Kaka, na ile fupi iko wapi? Chumba cha baba ni kitanda na njia ya kupita tu."

"We dada we! Mambo ya picha niachie mimi. Hii ni lenzi ya wakubwa."

Siku ikafika. Watu walimpisha kweli, na Hatibu akatanua kifua. Shehe na bwana harusi wakaingia chumbani kwa mzee, kwa sababu mzee ndiye mwozeshaji na hakuweza kunyanyuka. Wajomba wawili wakatoa simu zao wapige picha. Hatibu akafoka, "Simu mfukoni, jamani! Mwenye kazi nipo hapa." Wakazirudisha, maana ndiye mwenye shughuli.

Akainua kamera. Ukungu mtupu! Akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta, ukungu uleule. Lenzi ile haikujua kumtazama mtu wa karibu. Akachomoka nje, akazunguka nyumba hadi usawa wa dirisha, akazidi kurudi nyuma mpaka kwenye ua wa makuti. Hapo lenzi ikafumbua jicho. Ikaona nondo za dirisha safi kabisa, na kanzu ya mjomba mgongoni.

Ndani ndoa ikafungwa. Mwantumu akaletwa, akapiga magoti, na mzee akamwekea mkono kichwani kumwombea dua.

"Hatibu!" mzee aliita kwa sauti nyembamba. "Hatibu yuko wapi? Njoo, mkono unachoka."

"Nakuja, baba! Hebu ondokeni hapo dirishani!"

Mjomba mmoja akaingiza mkono mfukoni atoe simu. Mzee akatikisa kichwa. "Nimesema mwanangu. Tumngoje."

Wakamngoja. Mkono ukatetemeka, ukateleza begani mwa binti, ukaanguka kitandani. Hatibu alipoingia mbio, baba yake alikuwa amekwisha kulazwa, macho ameyafumba.

"Kesho, dada," alisema akihema. "Nitaazima lenzi fupi kwa mwenzangu, nije kesho."

Kesho yenyewe palikucha mzee hajitambui. Walimzika hina haijafifia mikononi mwa Mwantumu.

Baada ya matanga Hatibu alileta picha za harusi. Mwantumu akazipitia moja moja. Wageni wakishuka kwenye gari. Bwana harusi akitabasamu barabarani. Kunguru juu ya bati la jirani. Akafika mwisho, akarudia tangu mwanzo.

"Kunguru wa watu nimemwona hadi unyoya," alisema. "Baba yangu yuko wapi?"

Hatibu akaanza kueleza habari za dirisha na nondo.

"Alikuita kwa jina lako, mkono wake uko kichwani pangu. Ukamjibu ukiwa uani. Lenzi yako ndefu, kaka, lakini haimwoni wa chumbani."

Akazirudisha zote ndani ya bahasha, akampa. Hata ya mumewe hakuitaka. Wanawake waliokuwapo waliyabeba maneno yale, yakaenea mji mzima, na leo husemwa kwa kila anayewapendeza walio mbali huku wa kwake akimwita hamsikii.

Mwantumu sasa ana watoto. Wakimuuliza babu yao alikuwa na sura gani, huwaambia, "Kamuulizeni mjomba wenu." Nao huenda wakamuuliza, watoto hawajui. Hatibu huinamisha kichwa mpaka wachoke kumngoja waende zao kucheza. Lenzi ndefu haimwoni wa chumbani.