Elfu Mara Sifuri

"Maalim, hiyo elfu imekwenda wapi?"

Aliyeuliza alikuwa mtoto wa miaka saba, jina lake Nuswaiba binti Kombo, na swali lake lilitokana na maneno ambayo Maalim alikuwa amekwisha kuyaandika ubaoni kwa mwandiko mzuri, kwamba elfu mara sifuri ni sifuri. Maalim alimtazama, akaitazama fimbo, kisha akaligeukia darasa na kuuliza, "Mmeelewa?" Na watoto sitini na wanne juu ya mikeka minne wakaitika kwa sauti moja ya kuimba, "Tumeeleewaaa," na somo likapita, na elfu ikapotea hivyo hivyo.

Basi haya yalikuwa katika mji wa Zumuridi, ulio kati ya milima miwili ya mawe meupe, zama za Sultani Fakhrudin bin Nasir, sultani mwema aliyependa elimu kama wengine wapendavyo farasi wa maonyesho, yaani aliipamba, akailisha, akaisifu mbele ya wageni, na hakuipanda hata siku moja. Alikuwa amejenga shule elfu moja, na juu ya shule hizo ikakaa Baitul-Ilimu, chuo kikuu cha mababu zake, chenye kuba la samawati lililoonekana mwendo wa siku mbili, na juu ya vyote hivyo akamweka Waziri Mundhir, mtu wa kilemba kirefu na sauti ya kutuliza watoto, ambaye kila baada ya miaka mitatu alitangaza Mageuzi Makuu ya Elimu. Mageuzi ya kwanza yaliyaita madarasa madaraja, na ya pili yakayaita madaraja ngazi, na ya tatu yakazirudisha ngazi kuwa madarasa na kubadili rangi ya kofia, na kila mara ngoma zilipigwa siku tatu na watu wakala pilau, na Jumatatu iliyofuata watoto wakarudi kwenye mikeka ile ile.

Na katika Baitul-Ilimu, masomo yote yalifundishwa kwa lugha ya Jabali Kafu, nchi iliyo nyuma ya bahari saba, ambayo hakuna mtu wa Zumuridi aliyepata kuifikia wala kukutana na mtu wake. Kwa nini? Kwa sababu elimu ikisemwa kwa lugha ya sokoni, alisema Waziri, itanuka vitunguu. Kwa hiyo wanafunzi walikariri, na walimu waliokariri kabla yao waliwasikiliza kama wamekariri sawasawa. Na chemchemi ya bustani ya Sultani ilikuwa imekauka, sasa mwaka wa tisa, na wahitimu kumi na wawili wa elimu ya mifereji waliizunguka kila asubuhi wakiisomea kurasa kwa lafudhi nzuri, na maji hayakutoka.

Nuswaiba alikua na swali lake kama mtu akuavyo na kovu. Kwao kulikuwa Machimboni, mtaa wa juu mlimani, ambako maji yote yalipanda juu ya kichwa cha mama yake, safari sita kwa siku, na tangu utoto alikuwa ameapa kwamba ataingia Baitul-Ilimu, ajifunze mifereji, na siku moja maji yapande mlima yenyewe na mama yake akae kitako. Na kwa kuwa alikuwa na kumbukumbu kali, aliingia, na akawa wa kwanza, na akakariri Kitabu cha Mifereji chote, kurasa mia nne, asijue neno moja lina maana gani. Alikuwa anangoja joho tu. Bila joho, mtu wa Zumuridi hakuruhusiwa kugusa hata bomba la nyumbani kwake.

Wiki moja kabla ya Siku ya Majoho, kuba la Baitul-Ilimu likapasuka tena, na aliyeitwa kuliziba ni baba yake Nuswaiba, Fundi Kombo wa chokaa, na saa ya mapumziko ya adhuhuri Nuswaiba akapanda ngazi kumsaidia.

"Baba, ufa huu umeuziba mara ngapi?"

"Mwaka huu? Mara nne. Na kila nikiuziba unarudi mpana." Fundi Kombo akaugonga ukuta kwa kifundo cha kidole. "Ukuta unaosukumwa na mvua naujua, mwanangu, na unaosukumwa na mizizi naujua. Huu unasukumwa kutoka ndani, kama shati la mtu aliyeshiba."

Akashuka kwenda kukoroga chokaa, na Nuswaiba akabaki juu, akatia jicho ufani. Na jicho jingine, kubwa kama sinia ya biriani, likamtazama.

"Tafadhali usipige ukelele," likasema jicho kwa adabu, "maana nikishtuka natanuka."

Nuswaiba akaikumbatia ngazi kwa mikono miwili. "Sipigi. Wewe ni nani?"

"Mimi, ewe binti mtukufu, ni Dahanashi bin Dahman, jini wa Jabali Kafu, niliyefungwa humu na babu wa babu yake Sultani, nikapewa kazi ya kula uongo wa namna moja tu, nao ni neno tumeelewa linaposemwa na asiyeelewa, ili shule zake zibaki safi. Mzee yule alidhani ananipa njaa. Aliniambia nitakonda mpaka nipite kwenye tundu la ufunguo, na siku hiyo niende zangu kwetu." Akashusha pumzi, na kuba zima likalia. "Niliingia humu mwembamba kama uzi. Nitazame sasa."

"Sikuoni wote."

"Hakuna anionaye wote. Mguu wangu wa kushoto uko maktaba tangu mwaka juzi, na hakuna aliyeukanyaga, maana hakuna aingiaye."

Nuswaiba akacheka, kisha akakumbuka. "Umesema unatoka Kafu? Basi Kitabu cha Mifereji unakijua." Akamsomea ukurasa wa kwanza kwa lafudhi yake ya nambari wani, na jini akaanza kutikisika kwa kicheko mpaka vigae vinne vikaanguka bustanini.

"Nani kawaambia hiyo ni mifereji? Hiyo ni barua ya mzee mmoja wa kijijini kwetu, anamlalamikia jirani yake kwamba mbuzi wake anaingia shambani. Kurasa mia nne. Mzee yule alikuwa na maneno."

Kama Nuswaiba alilia au alicheka, yeye mwenyewe hakujua. Miaka minne, na mbuzi.

Jini akaona uso wake, akaacha mzaha. "Sikiliza, binti. Siku ya Majoho wanafunzi mia saba watasema tumeelewa kwa mpigo mmoja, chini yangu. Nikila tonge hilo kuba litapasuka na kuwaangukia, na mimi sijaua mtu tangu nizaliwe."

"Basi usile."

"Nimefungwa. Nalishwa, sichagui."

"Dawa yake?"

"Neno sijaelewa, likisemwa kwa ukweli, hunipunguza shibiri moja. Likisemwa na mtu mwenye cheo hunipunguza dhiraa kumi. Chini ya kuba hili sijalisikia hata mara moja."

Na Nuswaiba alijua kwa nini. Sheria ilikuwa imechongwa mlangoni: atakayesema hajaelewa Siku ya Majoho atavuliwa joho, na jina lake litafutwa, na hataingia shule yoyote ya nchi hii maisha yake yote.

Akaenda kwanza kwa Waziri, akamweleza yote, na Waziri akamsikiliza kwa upole na kumjibu kwamba suala la ufa limo katika Mageuzi yajayo. Akarudi nyumbani akamweleza baba yake.

Fundi Kombo akauliza, "Na maji ya Machimboni?"

"Watu mia saba, baba. Na mimi ndiye wa kwanza kuulizwa."

"Haya." Akainuka akaenda kuitazama ngazi yake kama vipago vyote ni vizima. "Nitakuja nayo. Watu wakihitaji kutoka dirishani, watoke."

Siku ya Majoho ikafika, na Sultani akaketi kitini, na walimu wakaketi kulia, na wanafunzi mia saba wakasimama katikati, na Fundi Kombo akasimama mlangoni na ngazi yake kama mtu aliyepotea njia ya harusi. Waziri Mundhir akasimama, akasema, "Maulana, kwa baraka zako nchi hii ina shule elfu moja, na hakuna sultani chini ya jua mwenye elfu," na watu wakapiga makofi, na vumbi jembamba likaanguka kutoka juu, na Nuswaiba peke yake akaliona. Kisha Waziri akamgeukia.

"Nuswaiba binti Kombo, wa kwanza wa chuo. Umeelewa?"

Joho lilikuwa begani mwake tayari, la hariri, zito kidogo, na lilimkaa vizuri.

"Sijaelewa, Mheshimiwa."

Waziri akatabasamu kama aliyesikia vibaya. "Sema tena, mama."

"Sijaelewa. Nimekariri kurasa mia nne bila kukosa nukta, na mambo yenyewe ni ya mbuzi."

Nyuma yake mtu akacheka, na mwingine akanong'ona, "Huyu kichaa, si angesema tu ndiyo twende tukale." Na juu yao kuba likatoa mlio mdogo, mlio wa kitu kinachojilegeza.

"Mvueni joho," akasema Waziri.

"Msisumbuke," akasema Nuswaiba, na akalivua mwenyewe, akalikunja, akampa mtumishi.

Na hapo Sultani akainama kutoka kitini, na akasema jambo ambalo katika shule zake zote elfu halikuwa limepata kusemwa. "Binti, ni nini hasa hukuelewa?"

"La kwanza kabisa, Maulana, tangu nina miaka saba. Elfu mara sifuri ni sifuri. Hiyo elfu imekwenda wapi?"

Sultani akamtazama Waziri, na Waziri akawatazama walimu, na mwalimu mkuu akainuka na kuanza kusema kwa lugha ya Kafu, na Nuswaiba akasema, "Maalim, huo ni mkia wa mbuzi," na mwalimu akaketi. Ndipo kutoka safu ya nyuma akasimama Mwanamfalme Ghalib, mwana pekee wa Sultani, wa mwisho katika kukariri miaka yote minne, akasema, "Baba, mimi pia sijaelewa. Hilo na mengine yote." Kuba likalia, na mwalimu mkuu, mzee wa watu, akafunika uso akasema, "Wala mimi," na lile neno likaanza kutambaa, safu kwa safu, sijaelewa, sijaelewa, wengine wakilisema huku wakilia na wengine wakicheka kama waliovuliwa viatu vya kubana.

Ndipo kikasikika kikohozi mlangoni. "Samahani, Maulana," akasema Fundi Kombo, "mimi sikusoma. Lakini hii mara sifuri, si maana yake hukwenda? Nina kapu linalobeba kokoto elfu. Nikienda nalo machimboni mara tatu, nina elfu tatu. Nikienda mara sifuri, sina kitu. Elfu haikwenda popote, iko palepale machimboni. Mimi ndiye sikwenda."

Nuswaiba akamtazama baba yake. Miaka kumi na tatu alilala nyumba moja na jibu, na hakuna aliyemfundisha kwamba angeweza kumwuliza mtu mwenye chokaa kwenye kucha.

Na Sultani akarudia polepole, "Mimi ndiye sikwenda." Kisha akasema, "Waziri Mundhir, shule zetu ni ngapi?"

"Elfu moja, Maulana."

"Nawe umezizuru mara ngapi?"

Waziri akainamisha kilemba. "Mara sifuri, Maulana."

"Na mimi vivyo hivyo," akasema Sultani. "Basi tuna shule ngapi?" Kisha akainuka kitini, akasema, "Sijaelewa nilichokuwa nikifanya."

Neno hilo lilipotoka kinywani mwa Sultani, upepo mkubwa ukashuka ndani ya kuba, na mguu ukachomoka maktaba na kuangusha rafu tatu, na kutoka ufani akatoka Dahanashi, mdogo kama paka, akijipapasa mbavu kwa furaha ya kuzikuta.

Akapewa ruhusa ya kwenda kwao, akakataa, akaomba somo la lugha ya Kafu, kwa atakaye, lifundishwe na anayeijua. Masomo mengine yote yakahamia lugha ya sokoni, na kweli yakanuka vitunguu, na watoto wakayala. Fundi Kombo akapewa kiti Baitul-Ilimu na wanafunzi arobaini wa kukoroga chokaa. Waziri hakukatwa kichwa. Aliketishwa kwenye mkeka wa darasa la kwanza, na mwaka wa pili akauliza swali zuri sana kuhusu kivuli. Na Mageuzi hayakupigiwa ngoma tena, ila kila mwaka jini aliwekwa kwenye mizani sokoni, mchana kweupe, na akionekana ameongezeka uzito, Sultani alitandikiwa farasi akaenda shule kwa shule mpaka ajue ni wapi watoto wanaitikia wasichokijua.

Nuswaiba akarudishiwa joho, akaliacha msumarini miaka mitatu mpaka alipoyajua maji. Akaifufua chemchemi ya Sultani kwa asubuhi moja, kisha akapandisha mfereji Machimboni, na mama yake akakaa kitako mlangoni akiyatazama yakija, akasema, "Yamechelewa, lakini yamekuja." Ghalib, aliyembebea mawe ya mfereji tangu la kwanza, akamposa, na Nuswaiba akamwuliza kama ameelewa anachokitaka. "Sijaelewa sana," akasema Ghalib, na Nuswaiba akakubali, na harusi ikala siku saba, na hazina ya nchi ikaongezeka kwa mikono iliyojua kazi.

Nawe uliyesikiliza mpaka hapa, nina ombi moja. Mtoto akirudi shule leo, mwulize ni nini hakukielewa, kisha kaa umsikilize.