Chumvi Iliyotiwa Gerezani

Hapo zamani, katika mji wa Ungwi, alikaa hamali mmoja jina lake Shamte, fukara ambaye watu walimhesabu punguani. Alikuwa na dada mjane, Mwanakheri, aliyewalea wanawe kwa kuuza maharage yaliyopikwa sokoni.

Basi Sultani Mwinyi Badi akataka kujenga kasri jipya, akaweka ushuru juu ya chumvi, ushuru mkubwa kuliko bei ya chumvi yenyewe. Watu walipolalamika, akatoka barazani akanena, "Mimi simtozi mtu yeyote. Ushuru huu ni wa chumvi!"

Ikawa Mwanakheri akipika bila chumvi, wateja wanatema na kuondoka. Akitia chumvi, faida yote inaishia forodhani. Akamwendea nduguye akilia. "Kaka, jana wanangu wamelala kwa maji matupu."

Shamte alichukua kifuko cha chumvi kilichosalia jikoni kwa dada yake, akaenda nacho forodhani, akakiweka mbele ya mtoza ushuru.

"Huyu hapa. Mdai."

"Nimdai nani?"

"Chumvi. Sultani amesema hamtozi mtu. Ama wewe wasema Sultani ni mwongo?"

Mtoza ushuru hakuthubutu kusema hivyo. Akaidai chumvi kwa upole, kisha kwa ukali, nayo isijibu neno. Na kwa kuwa sheria ilikuwa asiyelipa ushuru afungwe, askari wakaitia kamba, wakaipeleka gerezani.

Habari zikaenea, na watu wote wenye chumvi wakaipeleka ikadaiwe yenyewe. Matajiri nao wakaleta magunia. Gereza likafurika, hata wezi wakaachiwa huru kwa kukosa pa kulala, nao wakaondoka wakinung'unika kwamba wamefukuzwa na kiungo cha mchuzi.

Jioni Sultani akaletewa pilau. Akaonja, akatema.

"Mpishi! Chumvi iko wapi?"

"Imefungwa, Maulana. Yote."

Sultani akaghadhibika, akaamuru chumvi na Shamte waletwe mbele yake. Kadhi akakiuliza kifuko kwa nini hakikulipa. Baraza zima likasubiri. Kadhi akauliza tena, akitega sikio.

"Enyi wapumbavu!" Sultani akapaza sauti. "Chumvi ina mkono? Ina mfuko? Anayelipa ni yule anayeila!"

Shamte akainama hadi chini. "Maulana, ndilo neno nililokuja kulisikia. Basi dada yangu hula chumvi, nawe hula chumvi. Kinachotoka kwako hukijui hata kama kimetoka. Kinachotoka kwake ni chakula cha wanawe."

Sultani akamtazama, akalitazama pilau, akakitazama kile kifuko kilichofungwa kamba na askari wawili wakikilinda kwa mikuki. Akaanza kucheka, akacheka hata kilemba kikamwanguka. Papo hapo akaufuta ushuru wa chumvi, akaamuru kasri lijengwe kwa kodi ya mashamba, kila mwenye shamba kwa kadiri ya shamba lake. Waziri, aliyekuwa na mashamba mengi kuliko wote, peke yake hakucheka.

"Nawe, Shamte, nikupe nini?"

"Maulana," akasema, akisogea karibu na sinia, "tutie chumvi kwanza. Pilau linapoa."