Chui Anayekula kwa Chumvi

Ndugu zangu, kaeni. Leo sitapaza sauti, kwa sababu nikianza kuipaza sitajua pa kuishia. Kwa wiki tatu sasa hakuna mazungumzo mengine hapa kwetu ila chui. Chui kaonekana kwenye alizeti. Chui kapita nyuma ya zahanati. Chui kalala juu ya paa la ghala. Basi na mimi nina chui wangu. Nisikilizeni mpaka mwisho, na anayetaka kutoka atoke sasa.

Kulikuwa na kijiji kimoja cha wakulima, watu wa mahindi na alizeti kama sisi. Kila nyumba ilikuwa na mbuzi wachache, na hakuna aliyekuwa na nafasi ya kuwachunga kila siku huku shamba likimngoja. Kwa hiyo waliwaunganisha wakawa kundi moja, wakachunga kwa zamu. Leo nyumba hii, kesho nyumba ile. Na ili wasichanganyikiwe, kila mwenye mbuzi alikuwa na alama yake, aliyoikata kwenye sikio la mbuzi tangu akiwa mdogo: huyu mkato mmoja nchani, yule mikato miwili pembeni, mwingine tundu.

Walikuwa pia na sheria moja waliyoachiwa na babu zao. Mbuzi akipotea siku ya zamu yako, unamrudishia mwenyewe mbuzi kutoka kwako. Akiliwa na mnyama, hurudishi kitu, kwa maana mnyama si kosa lako. Lakini ni lazima uende ukatafute, vichakani, miibani, popote, mpaka ulete sikio. Unaliweka mbele ya mwenye mbuzi. Anaitazama alama yake, anasema, "Ni wangu. Pole kwa kazi." Yameisha. Watu waliaminiana kwa sababu ya kipande cha ngozi kisichojaa kiganja.

Sasa mwaka mmoja, wakati wa palizi, mwanamke mmoja aliona kitu kwenye alizeti. Aliona mgongo wa rangi ya majani makavu ukipita. Akatupa jembe, akakimbia. Alipofika nyumbani mgongo ulikuwa na madoa. Kufika jioni ulikuwa na mkia wa hatua mbili. Yeye simlaumu. Aliogopa kweli. Huenda alikuwa mbwa, huenda alikuwa chui kweli. Asubuhi yake watu wanne wengine nao walikuwa wamemwona, na mmoja wao alikuwa hajatoka nyumbani siku mbili.

Wiki hiyohiyo zamu ilimfikia bwana mmoja, mtu wa heshima zake, mwenye sauti nzuri kwenye mikutano. Jioni alirudisha kundi, limepungua mbuzi mmoja.

"Chui," akasema.

Mwenye mbuzi akamuuliza, "Sikio liko wapi, shemeji?"

"Sikio! Nimwache dada yako mjane kwa ajili ya sikio? Shuka wewe korongoni ukamwombe chui akupe."

Jirani akadakia, "Angeshuka yeye, saa hizi tungekuwa tunatafuta sikio la shemeji!"

Watu wakacheka. Na katika kicheko kile ile sheria ya babu zao ikafa. Hakuna aliyeitisha mkutano kuifuta. Ilichekwa tu, na siku ya pili yake haikuwepo.

Niwaambie sasa kilichotokea korongoni. Yule bwana alikuwa anatarajia wakwe. Hakutaka kuchinja mbuzi wake. Akamshusha wa shemeji yake korongoni, akamchinja, akapanga mafiga matatu, akawasha moto. Maini akayala palepale kwa chumvi. Nyama iliyobaki akaitia kwenye gunia la mbolea, kichwa akakitupa majanini.

Siku nne baadaye, mwenye zamu mwingine naye akamshusha mbuzi wa mtu korongoni. Akakuta nini? Akakuta mafiga. Akakuta majivu. Palepale mtu huyu alijua kwamba hakuna chui, kuna mwizi. Je, alipiga yowe? Alikimbia kijijini kusema, "Jamani, tunaibiwa"? Hapana. Alifurahi. Mafiga yalikuwa tayari.

Na wa tatu hivyohivyo. Na wa nne. Wa tano alikuta hata chumvi imehifadhiwa, imefungwa vizuri kwenye karatasi na kuchomekwa kwenye panda ya mti. Mtu alimwachia mwenzake asiyemjua. Huo ndio wema uliokuwa umebaki katika kijiji kile! Hawakuwahi kusemezana neno. Jioni walikaa pamoja wakamzungumzia chui. Walimpimia urefu. Wakampa jike, na lile jike wakalizalisha watoto wawili.

Walioamini ni watoto. Waliacha kwenda shule, kwa sababu njia ya shule inapita kando ya korongo. Waliacha kulinda mahindi, nyani wakaingia, wakavuna kabla ya wenyewe. Kulikuwa na binti mdogo ambaye hakuweza kwenda hata chooni bila kushika nguo ya mama yake. Na mama yake, aliyeipika nyama ile kwa mikono yake, alimsindikiza kila mara akimwambia, "Usiogope, nipo." Neno moja tu lingemponya mtoto yule. Mama hakulisema. Mnaona ubaya unavyoweza kukaa ndani ya nyumba, ukafunga khanga, ukambembeleza mtoto?

Zamu ikafika kwa mama mmoja mjane, wa nyumba ya mwisho kabla ya korongo. Jioni akakagua kundi, mbuzi mmoja hayupo. Akarudi kumtafuta mpaka giza likamzuia. Jirani yake akamwambia, "Mama, unajitesea nini? Sema chui, tukale tulale."

"Mimi sikumwona chui."

"Kwani nani kamwona?"

Mama yule akamtazama. Akasema, "Basi kesho nakwenda kutafuta sikio."

Asubuhi akashuka korongoni. Alimkuta yule mbuzi amenasa kati ya mawe, shingo imevunjika. Alikuwa ameteleza akaanguka, basi. Akalikata sikio. Na alipokuwa anatafuta mahali pa kupandia, akaona mafiga. Kisha akaona vichwa, vingine vimekauka, vingine bado vina inzi. Vilikuwa saba, akakata sikio moja kwa kila kichwa.

Akawaita watu. Akatandika khanga chini, akapanga masikio manane juu yake, mojamoja, alama zikitazama juu.

"Hili la mwisho ni la zamu yangu," akasema. "Mbuzi ameanguka, hakuliwa na mnyama. Kwa hiyo namrudishia mwenyewe mbuzi wangu, yule pale mweupe. Haya mengine saba, wenye zamu mnajijua."

Kisha akaitoa ile karatasi ya chumvi, aliyoikuta kwenye panda ya mti. "Mimi sikusoma. Niambieni nyie mliosoma. Ni chui gani huyu anayekula kwa chumvi?"

Watu walitazama chini kana kwamba kuna kitu kimeandikwa ardhini.

Mnadhani walitubu? Ninyi mnaonisikiliza, mnaojua jinsi tulivyo, mnadhani walitubu?

Alisimama yule bwana wa kwanza. Hakufoka. Kwa ile sauti yake nzuri akasema, "Mama, wanaume wazima wa kijiji hiki wameogopa kushuka kule. Wewe umeshuka peke yako, umepanda, huna hata mchubuko. Hukuogopa. Kwa nini hukuogopa?" Akawageukia watu. "Chui huyu ana mwenyewe."

Wenye hatia walikuwa saba, na sentensi ile iliwatosha wote saba. Waliipokea kama watu wenye kiu. Wao ndio walioinama kwanza kuokota mawe. Na walioibiwa mbuzi, ambao masikio ya mbuzi wao yalikuwa palepale mbele ya macho yao, wakainama pia. Ndugu zangu, mtu anatazama alama aliyoikata kwa mkono wake mwenyewe, kisha anaokota jiwe kumsaidia mwizi wake!

Mama yule aliondoka mchana wa siku ile na sufuria moja na jembe. Alipofika barabarani akageuka. "Masikio nimewaachia," akasema. "Kila mtu achukue lake."

Mbuzi wake wawili waliobaki waliingizwa kwenye kundi. Hawakumaliza wiki. Chui aliwala.

Hapa mfano ungeishia, kama ungekuwa mfano. Lakini yule bwana mwenye sauti nzuri alikuwa babu yangu, baba wa baba yangu. Hii sauti mnayoisifia kila nikisimama hapa, niliirithi kwake.

Aliyeikunja ile khanga na masikio yake ni bibi yangu. Alinisimulia mwaka aliofariki, akirudia kila jambo mara tatu ili nisikosee: nani alisimama wapi, nani alirusha la kwanza, chumvi ilichomekwa kwenye mti gani. Nikamuuliza, "Bibi, na wewe uliila ile nyama?"

Akasema, "Tuliila. Ilikuwa tamu. Ndiyo maana nakwambia."

Sasa nije kwetu. Ijumaa, kwenye foleni ya maji, nilimsikia mtu wa kanisa hili akisema maneno manne. "Chui huyu ana mwenyewe." Maneno yaleyale, kwa mpangilio uleule. Hakunyanyua hata macho kwenye ndoo yake. Na baada ya maneno manne likafuata jina.

Tazameni benchi la tatu upande wa akina mama, pale karibu na dirisha. Tazameni, msitazame miguu yenu. Nani hukaa pale? Mbona leo pako wazi? Nilipita kwake jana. Nilimkuta anafagia uani, na pamoja na takataka alikuwa anafagia mawe. Mawe yale hakuyaokota shambani, na hayakuota pale.

Sisi hatujui kama chui yupo. Labda yupo. Kama yupo, aliumbwa na Mungu na ana njaa ya kawaida, na kuna watu wa wanyamapori ambao kazi yao ni kuitwa. Lakini kwa hawa kuku wanaopotea wiki hizi tatu, kila nyumba hapa inajua ni kuku gani aliyeliwa na mnyama na ni kuku gani tuliyemla sisi. Kila mmoja wetu aliyefika korongoni alikuta majivu ya aliyemtangulia, akanyamaza. Tumenyamaziana vizuri sana. Tumeachiana chumvi. Na sasa, kwa kuwa mama wa benchi lile amekataa kunyamaza, tunamtafutia jiwe, na tunajiita watu wa ibada. Mnadhani Mungu atatuuliza habari za chui? Atatuuliza habari za mafiga.

Hatutaimba wimbo wa kufunga. Tunatoka hapa sasa hivi, wote, kwaya na wazee wa kanisa mbele, tunakwenda uani kwa mama yule. Kila mmoja ataokota jiwe lake na kulirudisha alikolitoa, na tutamwomba aje akae mahali pake. Akikataa, tutakaa kule uani mpaka atusikie. Mimi natangulia.

Na njiani asinisogelee mtu kuninong'oneza jina. Anayetaka kunitajia jina, kwanza aniletee sikio.