Nungunungu na Kura ya Mwalimu Korongo

Paukwa!

Pakawa!

Paliondokea miiba mia.

Ikalinda nini?

Ikalinda kichwa kimoja. Sogeeni basi, msikie kama kililindika.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakiwasomesha watoto wao kama sisi tunavyowasomesha wetu, palikuwa na shule kando ya mto. Mwalimu wake alikuwa Korongo, mwenye miguu mirefu na subira ndefu zaidi. Aliyefuzu hapo aliruhusiwa kuvuka kwenda Ng'ambo, waliko wakubwa. Asiyefuzu alirudishwa kukaa na vifaranga vya kanga, akaanze upya kufundishwa kuparura.

Katika shule hiyo alisoma Nungunungu. Alikuwa hodari, na hilo halikuwa na ubishi. Ubishi ulikuwa juu ya mengine. Kila alipoandika mchangani aliinua miiba pande zote, mwenzake asione. Akiulizwa, hajui. Akiombwa, hasikii. Mama yake naye alikwisha kuwatangazia majirani: "Mwanangu anavuka mwaka huu. Asiyeamini na aje mtoni ashuhudie."

Basi Mwalimu Korongo akawagawa wanafunzi watatu watatu. Nungunungu akapangwa na Kima, ambaye hujibu kabla ya kuulizwa, na Kenge, ambaye huulizwa leo akajibu kesho.

"Kila mmoja alete kokwa yake," akasema Korongo. "Nitazitia katika kifuu, na kwenye kila mtihani nitachomoa moja, kisha niirudishe. Mwenye kokwa ndiye atakayejibu, na jibu lake ni jibu la wote watatu. Mitihani ni mitatu. Kundi litakalokosa yote, makao yake ni kwa vifaranga."

Nungunungu akasimama. "Mwalimu, naomba kusema."

"Sema, mwanangu."

"Ni haki gani hiyo? Akosee Kenge, aadhibiwe Nungunungu?"

"Umeuliza vyema. Nami nakuuliza: Kenge akikosea jambo ulilolijua ukamficha, mkosaji ni nani?"

Nungunungu akalipima swali hilo, akaona kesi inaelekea pabaya, akaketi.

Mtihani wa kwanza ukafika. Ikatoka kokwa ya Kima.

"Ni mti gani hapa wenye matunda ya sumu?" akauliza Korongo.

"Hakuna!" akajibu Kima. "Nimeonja yote!" Darasa likaangua kicheko. Kima akajishika tumbo, wakadhani naye anacheka.

Mtihani wa pili ukafika. Ikatoka kokwa ya Kenge.

"Wayo wa chui huonyesha kucha au hauonyeshi?"

Kenge akatoa ulimi, akaurudisha. Akatazama juu, akatazama chini. Wenzake wakaenda kula, wakashiba, wakarudi.

"Vipi, Kenge?"

"Bado nafikiri, Mwalimu."

Hapo Nungunungu akawaka. "Miwili imekwenda! Ninyi mtanipeleka kwa vifaranga!"

"Sisi?" akasema Kima. "Habari za kucha za chui ulikuwa unazijua?"

"Nilizijua, tena sana!"

"Ukatuambia lini?"

Nungunungu akainua miiba, akageuka.

"Haya, dada," akasema Kima. "Tutakuwa majirani huko kwa vifaranga. Usituonee haya."

Nungunungu alimwazia mama yake na majirani waliokwisha kualikwa, akaona hana njia. Akawaita wenziwe kando. "Uliobaki ni mtihani wa mto. Sikilizeni, wala nisiulizwe kitu. Mto huvukwa penye kelele. Penye kimya pana kina."

Kima akayageuza maneno hayo wimbo papo hapo. Kenge akatoa ulimi. "Kwa nini?"

"Kwa sababu ndivyo ilivyo."

"Kwa nini ndivyo ilivyo?"

"Kwa sababu Mwalimu amesema."

"Naye kwa nini alisema?"

Mwaka mzima Nungunungu alikuwa amelilinda jambo hilo kwa miiba, wala hakuwahi kulikagua.

"Twendeni mtoni," akasema kwa sauti ndogo.

Wakaenda. Palipokuwa kimya, Kenge alishuka asiguse chini. Maji yaliponong'ona, alisimama juu ya mawe, yakamfika magotini.

"Kelele ni za mawe!" akapiga ukelele Kima. "Maji yanagombana na mawe!"

Nungunungu akaona yametosha, akataka kurudi nyumbani. Kenge akamwonyesha mahali mto uliponguruma. "Na pale?"

"Kelele ni kelele," akasema Nungunungu, akaingia mwenyewe ili athibitishe.

Maji yakamzoa. Kima akamdaka, akapiga yowe, akamwachia, akamdaka tena. Kenge akamsukuma kwa mkia hadi ukingoni.

"Dada!" akasema Kima, akilamba viganja. "Wewe hata ukiokolewa unachoma!"

Mtihani wa tatu ukafika. Mama Nungunungu akaja na majirani. Korongo akaingiza mdomo katika kifuu, akatoa kokwa ya Nungunungu.

"Mto huvukwa wapi?"

"Penye kelele, Mwalimu."

"Kwa nini?"

"Maji hugonga mawe yaliyo karibu na juu."

"Kwa hiyo kila penye kelele ni salama?"

Majirani wakavuta shingo. Nungunungu akawatazama wenziwe, akamgeukia Mwalimu.

"La, Mwalimu. Yanaponong'ona, vuka. Yanaponguruma, yanaporomoka, yatakuzoa."

"Nani amekufundisha hilo? Mimi sikulisema."

"Kenge aliuliza, Kima akasikia, mimi nikalowa."

Korongo akainamisha shingo yake ndefu. "Vukeni, wanangu. Nyote watatu."

Wakashuka mtoni, na hapo kila mmoja akamsihi mwenzake atangulie. Msiseme ni upendo. Maji yalikuwa ya baridi.

Wanangu, sikudai kwamba kila kundi ni jema. Kundi la wanaosinzia pamoja ni usingizi mkubwa tu. Ninachodai ni hiki: ukificha ulijualo, hutajua kamwe kama unalijua. Mfundishe mwenzio, umwache akuulize, ndipo elimu iwe yako.

Ngano yangu nimeitua hapa. Waliopendezwa nayo waichukue wakawasimulie wenzao. Asiyeiamini na alete shahidi.