Fisi Mwalimu wa Mbio

Niwape, wajukuu, nisiwape?

Tupe, bibi.

Ina uchungu hii.

Tutaimeza hivyo hivyo.

Haya. Hapo kale wanyama walikuwa na mbio za mavuno. Watoto walikimbia, wakaruka korongo, na mwalimu wa mshindi ndiye aliyekula nyama kwanza, wengine wakasubiri mifupa. Mwalimu alikuwa Fisi. Kwa ajili ya nyama ile akatunga sheria: mtoto anayesema anaumwa amemwaibisha baba yake mbele za watu. Wazazi wakaipenda. Wakawa wanawalisha watoto sheria hiyo pamoja na uji.

Basi watoto walikimbia alfajiri bila kunyoosha miguu, wakakimbia jua la utosini bila maji. Ukianguka, Fisi anauliza, "Unaumwa?" Unajibu, "Siumwi." Naye anasema, "Rudia."

Mbwiga, mtoto wa Mama Digidigi, alirudia mpaka mguu ukalia kacha. Tangu siku ile akawa wa kukaa mlangoni kuchambua mboga, akisikiliza wenzake wakipita, tip tip tip. Mama yake akamtoa dada mtu, Sikudhani, akakimbie badala yake.

Sikudhani naye kifundo kikavimba. Jirani yao Sange, yule mnyama mdogo mwenye pua ndefu, alikiona alipokuja kuomba moto. Akamshauri mama amlaze mtoto mpaka uvimbe ushuke. Mama akasema majirani watawaonaje, na mbio ndizo hizo zimefika. Sange akachukua moto wake akaenda, pua ikimcheza.

Asubuhi Fisi alikuja uwanjani tumbo limejaa, miguu bado ina usingizi. Sange akapiga goti mbele yake, wazazi wote wakitazama. Akasema watoto hawa ni wazito, hawajui korongo linavyorukwa. Laiti Mwalimu angewaonyesha mwenyewe, hiyo nyama angepewa leo leo. Kusikia nyama, mate yakamtoka chururu.

Akakimbia tifu tifu tifu, akaruka, puu. Akainuka amekunja uso.

"Unaumwa, Mwalimu?" akauliza Sange.

Fisi akawatazama wazazi. "Siumwi."

"Rudia basi, baba. Wa nyuma hawakuona."

Tifu tifu tifu, puu. Nyonga ikalia ka.

"Unaumwa, Mwalimu?"

"Siumwi."

"Rudia, baba. Sikudhani alipepesa macho."

Tifu, tifu, puu. Kiuno kacha. Ndiyo maana mpaka leo Fisi mgongo umemshuka nyuma.

"Naumwa," akasema. "Jamani, naumwa."

Sange akawageukia wazazi. "Mzee mzima amesema, na hakuna baba wa mtu aliyekufa kwa aibu. Mwacheni na mtoto aseme."

Sikudhani akamtazama mama yake, kama anayeomba radhi. "Mama, naumwa. Tangu juzi."

Mama akambeba mgongoni. Walipofika nyumbani, Mbwiga akajiburuta pembeni, akawapisha mlangoni. Mama akapita bila kumtazama usoni.

Yangu nimeyatua hapo, mwenye kichwa ajitwike.

Na funzo lake, wajukuu: mtoto mwema hanyooshi miguu, hanywi maji, hapumziki, wala hamsumbui mama yake kwa maumivu. Sisi tulilelewa hivyo hivyo, na tuko wazima kabisa. Haya, mmoja wenu anishike mkono huu, mwingine ule, niinuke.