Vyungu vya Nakijwa na Njia ya Korongoni

"Njia muulize atokaye, usimuulize aliyewahi kupita." Mlinzi wa msitu amewaambia hivyo nanyi mkacheka, kwa kuwa mjomba wenu aliivuka milima hii ya Upare kwa miguu alipokuwa kijana, na amekwisha kuwachorea njia yote kwenye karatasi. Mnataka kutembea siku tatu mkiongozwa na karatasi ya mtu ambaye siku hizi hata ngazi zinamshinda. Haya, wekeni mikoba chini. Methali hii ilitokana na vyungu, nami nitawaeleza ilivyokuwa.

Zamani wanawake wa huku juu walifinyanga vyungu, wakavipeleka kwenye gulio la tambarare kubadilishana na mahindi. Mapatano yalikuwa mepesi: chungu kilijazwa mahindi hadi mdomoni, mahindi yakawa ya mfinyanzi na chungu kikawa cha mnunuzi. Chungu kikiingia ufa njiani, mfinyanzi alirudi na njaa yake.

Mwaka mmoja mvua zilizidi, maharage yakaozea shambani. Nakijwa, mjane mwenye watoto watatu, alibakiwa na vyungu vinne na unga wa siku tano. Njia za kushuka gulioni zilikuwa mbili. Ya mgongoni mwa mlima ilikuwa salama lakini ndefu, siku mbili kwenda, moja ya gulio na mbili kurudi, na baridi yake haina huruma. Ya korongoni ilikuwa ya siku moja tu. Ukishika ya mgongoni kwa unga wa siku tano, huna hata siku moja ya kupoteza.

Kiongozi wa msafara alikuwa mzee Sengondo. Njia ya korongoni aliikata yeye kwa panga lake, na hakuwaacha watu wasahau. Akatangaza kwamba kesho wote watapita huko. Hakuna aliyeuliza kitu. Nani amuulize mwenye njia?

Jioni hiyo Nakijwa alikuwa akiteka maji akamwona mchukuzi wa magadi anapanda kutoka korongoni. Tope lilikuwa limemfika kiunoni. Desturi ilikuwa mgeni anawe miguu kwanza ndipo asalimiwe, lakini Nakijwa hakumngoja anawe. Akamuuliza hapohapo njia ikoje. Yule bwana akamwambia kwamba ukingo umeporomoka, na kwamba yeye amepita kwa kushika mizizi kwa mikono yote miwili, mzigo ameufunga mgongoni. Mwenye mzigo kichwani asijaribu.

Nakijwa akayapeleka maneno hayo kwa Sengondo, mbele ya watu. Mzee akakasirika. Akasema mchukuzi wa magadi ni mtu wa kupita tu, atamfundisha nini yeye?

"Njia ile naijua nje ndani," akasema. "Niliikata mwenyewe."

"Uliikata lini, baba?"

"Mwaka wa kumi na mbili huu."

"Basi unaijua ya miaka kumi na miwili iliyopita. Vyungu vyangu vinapita kesho."

Watu wakaguna. Sengondo akamuuliza kama siku hizi msafara unaongozwa na mwanamke.

"Msafara ni wako, baba. Mimi naongoza vyungu vyangu," akajibu Nakijwa. "Watoto wangu hawatakula heshima yako."

Maneno hayo ni makali, najua. Mimi nayapenda. Kuna wakati adabu ni kunyamaza, na kuna wakati kunyamaza ni kuua watoto.

Alfajiri akawaacha watoto kwa jirani pamoja na ule unga, akaweka ngata kichwani, akajitwika vyungu vyake vilivyofungwa kwa kamba za mgomba. Akashika njia ya mgongoni peke yake. Wenzake walimcheka hadi alipopotea kwenye ukungu. Alilia njiani, alisema mwenyewe baadaye, lakini hakugeuka.

Msafara wa Sengondo ulifika penye maporomoko kabla ya adhuhuri. Mke wake ndiye aliyetangulia. Mikono yake ilikuwa juu, imeshika vyungu, kwa hiyo alipoteleza hakuwa na mkono wa kushikia mzizi. Akaanguka akavunjika mkono, na waliomfuata wakagongana nyuma yake, vyungu vikavunjika. Watu walirudi na ngata tupu.

Siku ya tano Nakijwa aliingia kijijini na mahindi ya vyungu vinne. Akapika, watoto wakala, na chungu cha pili akakipeleka kwa mke wa Sengondo.

Baada ya siku tatu Sengondo alikuja uani kwake. Nyumbani kwa mzee mlikuwa na vyungu vichache vilivyosalia, na njaa ilikuwa imempunguza maneno. Akasema, "Mama, umeshinda. Kesho napita mgongoni. Niambie njia ikoje."

Nakijwa angeweza kujigamba. Akaendelea kukanda udongo wake.

"Mimi nilitoka huko siku tatu zilizopita, na jana mvua ilinyesha," akasema. "Usiniulize mimi tena, baba. Nenda kakae pale njia inapoingilia kijijini. Njia muulize atokaye, usimuulize aliyewahi kupita."