Kwaya ya Meno ya Mkuu

Paukwa, nyie mliokaa mbele.
Pakawa, na sisi wa nyuma tunasikia.
Mkisinzia?
Tufinye.

Hapo kale, katika bonde la matete, palikuwa na chuo cha wanyama. Mkuu wa chuo alikuwa Kiboko. Mpishi wa chuo alikuwa Nguchiro, mama mfupi mwenye mkia mrefu, na macho yake madogo hayakupitwa na kitu.

Chuo kilikuwa na bwawa moja tu. Kila asubuhi Kiboko anajitupa humo, chubwi, mpaka jua lizame. Anaoga humo, anakula humo, na mengine yote anayafanya humo humo. Wanafunzi walipewa kibuyu kimoja cha maji ya tope kwa kila bweni. Ndiyo hayo wanywe, ndiyo hayo wanawe.

Swala akaenda kulalamika. "Mkuu, maji hayatoshi."

Kiboko akatoa pua, pfuu. "Uko na nani?"

"Niko peke yangu."

"Basi nenda kwenu peke yako."

Swala akafukuzwa, na ulibaki mwaka mmoja tu amalize masomo.

Akaenda Ngiri. "Mkuu, maji yananuka."

Pfuu. "Uko na nani?"

"Niko peke yangu."

"Basi nenda kwenu peke yako."

Ngiri naye akafukuzwa. Wengine wakafunga midomo.

Siku moja Paa, binti wa mwaka wa kwanza, alianguka darasani, tii. Nguchiro akambeba hadi jikoni, akamlowesha midomo kwa uji. Habari zikafika bwawani, na Kiboko akatuma jibu: "Mwambieni aache maigizo."

Nguchiro alisikia damu ikimchemka mpaka masikioni. Miaka sita amepika kwa maji yale. Miaka sita amenyamaza. Akavua aproni, akaenda bwawani, akapiga goti.

"Shikamoo Mkuu. Mahafali yamekaribia, na wazee wa baraza watakuja. Kweli waje waondoke bila kusikia sifa zako? Niruhusu niwafundishe wanafunzi kwaya. Waimbe miguu yako, tumbo lako, meno yako."

Kiboko akafikiri. "Meno beti ngapi?"

"Unataka ngapi?"

"Nane. Na ukumbi uchukueni kila alasiri. Asiwasumbue mtu."

Alasiri ile ukumbi ukajaa. Nguchiro akafunga mlango, akauliza, "Nani ana kiu?"

Wote wakainua mikono.

"Nani amewahi kumwambia mwenzake?"

Mikono yote ikashuka. Kila mmoja alikuwa akidhani yeye ndiye dhaifu, wenzake wanavumilia.

"Basi tuanzie hapo," akasema Nguchiro. "Nendeni wawili wawili, kila bweni. Ulizeni swali moja, maji yamekufanya nini? Kisha nyamazeni. Ukisema wewe, hutamsikia yeye."

Kanga alirudishwa mara tatu, maana kila bweni aliloingia alihutubia, kekere kekere, akatoka hajasikia neno.

Waliporudi walikuwa na malalamiko arobaini. Ugali mgumu, mikeka mibovu, kengele inalia mapema. Wakabishana siku mbili. Nguchiro akawaambia, "Tukidai arobaini, atatupa la kengele, halafu atasema ametusikiliza. Chagueni moja." Wakachagua maji.

Likaja zoezi gumu. Nguchiro alijifunga gunia tumboni, akawa Kiboko, akamwita Pimbi mbele. "Pfuu. Uko na nani?" Pimbi akarudi nyuma mpaka akashika ukuta. Wakarudia. Siku ya tatu akatoa neno moja. Siku ya tisa alisimama bila kushika ukuta. Na kila nyayo zilipopita nje, ukumbi mzima ulipaza sauti: "Meno, meno, meno ya Mkuu!" Nyayo zikaenda zake.

Siku ya mahafali Kiboko akatoka majini, akaketi jukwaani juani, pembeni yake Tembo, mzee wa baraza. Kwaya ikaimba beti nane za meno. Ikaimba kumi za tumbo. Ikaimba ishirini za miguu. Jua likafika utosini, ngozi ya Kiboko ikaanza kukakamaa, lakini sifa hazikatishwi. Wakati huo nusu ya wanafunzi walikuwa bwawani, wameketi bega kwa bega, safu tatu kuzunguka maji.

Kwaya ikanyamaza. Pimbi akasogea mbele.

"Mkuu, tunataka bwawa ligawanywe."

Kiboko akamtazama kutoka juu. Pfuu. "Uko na nani?"

"Yuko na mimi," akasema Kobe.

"Yuko na mimi," akasema Kanga, na kwa mara ya kwanza hakuongeza neno.

"Yuko na mimi. Yuko na mimi. Yuko na mimi." Uwanja mzima ukaitika.

Kiboko akainuka, tindi tindi tindi, mpaka bwawani. Safu tatu. Mbele kabisa ameketi Paa. Akanguruma, hakuinuka mtu. Awakanyage? Baraza zima limesimama nyuma yake linatazama.

Nguchiro akaja taratibu. "Mkuu, nusu ya juu iwe ya wanafunzi. Swala na Ngiri warudi darasani. Yaseme mbele ya Mzee Tembo."

"Wewe ni mpishi tu."

"Ndiyo, Mkuu. Na jua nalo ni jua tu."

Mgongo ukapasuka, kwaa. Kiboko akayasema, yote, na Tembo akasikia. Wanafunzi wakampisha njia.

Wiki iliyofuata baraza lilimpongeza Kiboko kwa moyo wake wa kugawa maji. Nguchiro yeye aliandikiwa barua ya onyo: siku ya mahafali aliunguza uji. Aliisoma mara mbili, hasira zikampanda upya. Akiwa bado ameishika, akabishiwa hodi jikoni. Walikuwa Kicheche na Nyani, wanafunzi wa chuo cha ng'ambo, ambako mkuu ni Mamba.

"Mama Nguchiro," wakasema, "tumekuja kujifunza kuimba."

Akawasogezea vigoda.

Ngano yangu naitua hapa. Tamu yake chukueni, chungu yake niachieni, nimeizoea.

Na funzo lake ni hili: kazi ya mwanafunzi ni kusoma. Mwenye kiu anyamaze, aone aibu peke yake. Na nyinyi wakubwa mnaonisikiliza, kwaya pigeni marufuku kabisa.